Gitau Mwanangu, Hukuniambukiza

Mwanangu Gitau,

Dada yako Wanjiru alinipa habari Jumapili, akinikorogea uji. Mkeo ana mimba ya miezi saba, na ni mvulana. Alisema daktari alipotaja kwamba ni mvulana, ulitoka ukasimama nje ukutani, na mkeo alipokufuata akakuuliza kwa nini hufurahi, ulimjibu, "Nifurahi vipi, na nitamwambukiza?"

Niliweka kikombe chini. Wanjiru alidhani uji umeniunguza.

Neno hilo, Gitau, ni langu. Mimi ndiye niliyelitia moyoni mwako ukiwa na miaka tisa. Nataka kulitoa kabla mtoto huyo hajazaliwa na kabla mimi sijafa, na kati ya hayo mawili sijui lipi litatangulia. Moyo wangu umechoka. Daktari anasema "tutaona", na mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne anajua maana ya mkubwa anayesema tutaona.

Nimemwomba Wanjiru aipige barua hii kwenye simu yake na kuiweka katika kundi la ukoo, lile ambalo watu hutumiana picha za harusi na maombi ya asubuhi. Usikasirike. Nilidanganya mbele ya watu hao, na hainifai kutubu kwa kunong'ona.

Lakini kwanza nikumbuke mazuri, maana yalikuwa mengi.

Ulijua kusoma kabla hujafikisha miaka minne, na hakuna aliyekufundisha. Tulikuwa tumeingia juzijuzi hapa Kiganjo, katika vyumba viwili. Mama yako alikuketisha sakafuni akakupa pakiti ya unga uchezee apate kupika. Ukaanza kuisoma kwa sauti, mpaka uzito wake. "Baba Gitau," akaniita, "hebu kuja usikie huyu baba yangu." Nilifikiri umekariri. Nikaigeuza pakiti juu chini. Ukaisoma vilevile, ukaniuliza kwa nini nataka unga umwagike.

Unakumbuka vile vipande vya vitambaa? Mama yako alikuwa akikunja na kufunga nguo katika kiwanda kule Eneo la Viwanda, na jioni alikuletea masalio yaliyokatwa pembeni. Ulivitandaza sakafuni, ukalala kifudifudi, ukavitazama kama mtu anayesoma gazeti. Siku moja ukasema, "Mama, kila ua la saba limekatika ncha." Akacheka. Kesho yake alimwambia msimamizi wake, kwa utani tu, naye akaenda kuangalia: rola ya kuchapia ilikuwa imemeguka. Watu wazima walikuwa wamekitazama kitambaa kile wiki nzima. Msimamizi akamwambia, "Mama Gitau, mlete huyo mtoto kesho, hawa wengine wote niwafukuze." Ulikuwa na miaka sita. Mama yako aliisimulia hadithi hiyo sokoni mpaka wauza nyanya wakaanza kumalizia wao.

Ulipofika miaka saba, yakaanza yale mengine. Macho kwanza, kupepesa kana kwamba moshi unakufuata. Kisha shingo, ikiruka upande wa kulia. Kisha sauti, fupi na kali, kama mtoto wa mbwa aliyekanyagwa mkia. Na mlango: ukiugusa kwa mkono wa kulia, sharti uuguse kwa wa kushoto, kwa uzito uleule, na ukikosea unarudi nje kuanza upya. Tulichelewa kanisani kwa sababu ya mlango. Herufi ikikaa vibaya kwenye daftari uliifuta na kuiandika tena mpaka karatasi ikatoboka, na mtihani ukaisha ukiwa bado kwenye swali la pili, wewe uliyejua majibu yote. Na zile hasira, zilizokuja kama mvua ya mawe na kukuacha ukilia kwa aibu kuliko yeyote uliyemrushia kitu.

Watoto hawakukuhurumia. "Gitau, nyuki amekuingia kwa sikio?" Mmoja aliwahi kunisimamisha mimi mwenyewe getini, uso umenyooka kama wa malaika: "Mwalimu, kwenu mnafuga mbwa ama ni Gitau?" Wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Nami nilikuchapa. Si yule mtoto, wewe. Nilikuchapa nikikuambia, "Acha! Ukitaka unaweza kuacha!" Mama yako alisimama mlangoni akisema, "Baba Gitau, huyu mtoto hafanyi kwa kupenda." Nilijua hufanyi kwa kupenda. Nilijua pia kwamba mtu anaweza kuizuia hali hiyo kwa saa moja, hata saa tatu, akiwa mtu mzima, akiuma meno, akijua baadaye ataenda mahali pa faragha ailipe yote mara mbili. Nilijua kwa sababu ninayo.

Ndiyo, Gitau. Ninayo tangu nilipokuwa na umri wako wa pakiti na vitambaa. Wanafunzi wangu walinicheka kwa kukohoakohoa darasani, na mimi nilisema ni vumbi la chaki. Koo langu halijawahi kuwa na neno na chaki. Nilikuwa nikiificha sauti ndani ya kikohozi. Shingo niliishikilia kwa kola iliyobana na tai. Unakumbuka nilivaa tai hata Jumamosi. Mama yako aliishi nami maisha yote akidhani ameolewa na mtu nadhifu.

Na kabla yangu alikuwa nayo baba yangu, Kariuki. Hukumwona; alifariki kule Murang'a kabla sijaoa, na mama yako hakumwona pia. Shingo yake iliruka kama yako, na sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde. Watoto wa mlimani walimwiga, na nina aibu kusema kwamba siku nyingine niliwaiga wanaomwiga, ili wasinitazame mimi. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mtu huyohuyo, asiyejua hata kuandika jina lake, ambaye wazee walimwita kila walipogombania mpaka wa shamba, kwa sababu alikumbuka kila jiwe na kila mti uliokatwa, na nani alisema nini, neno kwa neno. Yaani nilijua hata akili zako zimetoka wapi. Vyote viwili vilikuja katika kiondo kimoja, nami nikaogopa kiondo kizima.

Sasa nikueleze kuhusu jina lako.

Unajua desturi yetu. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba. Ulipaswa kuitwa Kariuki. Mama yako alitoka hospitalini tayari anakuita Kariuki. Mimi nikamwambia, "Hapana, tumpe jina la baba yako, awe Gitau." Watu walistaajabu. Wakwe zangu walilia kwa furaha; hawakuwa wamewahi kuona mwanamume anayeacha zamu ya baba yake. Mzee Gitau alikuja kutoka Ngoliba na gunia la pojo na mbaazi, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwalimu, umenizaa mara ya pili." Nilipokea sifa hizo zote. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaogopa. Si tunasema mtoto huchukua jina na mambo yake? Mimi msomi, niliyewafundisha watoto wa watu sayansi, niliamini kwamba nikilificha jina la baba yangu, shingo yake haitakuona.

Ikakuona. Na sasa angalia nilichofanya: kwa kuwa unaitwa Gitau, kila mtu alijua mahali pa kutazama. Shangazi yako, dada yangu mkubwa, alikunywa chai kwetu akasema waziwazi, "Hiyo shingo si ya kwetu. Hiyo ni ya Ngoliba. Amechukua jina, amechukua na mambo yake." Mama yako aliinamisha kichwa. Dada yangu alimjua baba yetu kama nilivyomjua mimi. Tulitazamana juu ya vikombe, mara moja tu, kisha tukatazama kando. Hatukulizungumza mpaka alipokufa.

Baba mkwe wangu akasikia. Akaja na kondoo dume, akimvuta kwa kamba tangu stendi, mzee wa heshima, vumbi mpaka magotini. Akasimama uani, akakataa kuketi. "Mwalimu," akasema, "kama hii kitu imetoka kwangu, mnisamehe. Sijui ni nani kwetu alikosa, lakini nimekuja kuomba msamaha." Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, ukipepesa macho. Nilipaswa kuanguka miguuni pake. Nilisema, "Mzee, sisi ni watu wa kanisa, hayo mambo tuliyaacha." Kisha nikampokea kondoo. Tulimla Jumapili. Ulisema nyama ni tamu, naye babu yako, aliyekuwa amebaki kwetu, akacheka akakukatia ubavu mwingine.

Hayo ni makosa yangu kwake. Makosa yangu kwako ni haya.

Ilikuwa wiki ya mitihani. Nilikuwa nimesimamia wanafunzi siku tano, vyumba viko kimya kama kaburi, na mimi nimejizuia mpaka meno yakauma. Jumamosi mchana nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye majani ya ng'ombe yaliyokuwa yamerefuka kunipita, nikaiachilia. Shingo, sauti, vyote. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua, ulikuwa umesimama mbele yangu na kisu cha kukatia sungura majani.

Kama kuna uso ninaotaka kuuona nikifa, ni ule wako wa dakika hiyo. Hukuogopa. Ulifurahi, Gitau. Ulifurahi kama mtu aliyepotea akasikia lugha ya kwao. Ukauliza, kwa sauti ndogo, "Baba, hata wewe?"

Nami nikasema, "Ni wewe umeniambukiza."

Nilitafuta jiwe la kwanza lililo karibu nikatupa. Niliona furaha ikitoka usoni mwako, nikaiacha itoke. Ulidondosha kisu ukaondoka.

Jibu nililopaswa kukupa ni neno dogo, na nimechelewa nalo zaidi ya miaka thelathini. Ndiyo, mwanangu. Hata mimi. Na babu yako. Hukuwa peke yako hata siku moja; ni mimi niliyekufanya uwe peke yako.

Tangu siku hiyo ulijitenga. Ulianza kula kwa sahani yako, ukaiosha mwenyewe. Ukahama kitanda mlichokuwa mkilala na Wanjiru, ukalala chini. Mama yako alidhani ni ukubwa umeingia. Mimi nilijua.

Juzi Wanjiru alipokuwa akisoma daftari hili apate kulipiga, alifika hapa akaliweka daftari magotini. Kisha akasema, "Kwa hivyo ndio maana alikataa kunishika mkono tukienda shule?"

"Ndiyo."

"Baba, nilikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa naogopa ile barabara. Nilifikiri hanipendi."

"Alikuwa anakulinda."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akatoka nje. Nilisikia akifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Aliporudi alisema, "Nitaandika yote. Sitaondoa hata moja." Dada yako ni mtu wa haki kuliko mimi.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne tulikupeleka kwa daktari Nairobi, na huyo ndiye aliyetuambia kwamba ni hali ya ubongo, inaitwa Tourette, na kwamba yale ya mlango na ya kuandika na kufuta huja pamoja nayo mara nyingi. Si laana, si pepo, si malezi. Akauliza kama kuna mwingine katika familia. Mama yako akajibu haraka, kama mtu anayekiri: "Ni kwetu, daktari. Ana jina la baba yangu." Daktari akanigeukia. "Na upande wa baba?"

"Hakuna," nikasema.

Neno moja. Mama yako alienda nalo kaburini.

Na siku tuliyomzika, ulikuwa umeandika maneno ya kumuaga. Ulikuwa mtu mzima, mwalimu wa hesabu chuoni, na mimi nikakuvuta kando ya hema nikakuambia, "Acha Wanjiru asome. Watu ni wengi." Ulikunja karatasi ukaitia mfukoni. Ni mwaka wa tatu sasa hujakanyaga Kiganjo, na Ruiru ni hapo tu. Sikulaumu. Mama yako alikuita "baba" maisha yake yote, na mimi nilikunyima kumuaga.

Wanjiru huniambia habari zako, hujui. Ameniambia kwamba siku ya kwanza ya kila muhula unasimama mbele ya wanafunzi na kusema, "Mimi hutoa sauti. Hiyo sauti haina maana yoyote. Hizi hesabu ndizo zina maana, kwa hivyo sikilizeni hizi." Wanacheka, kisha wanazoea, na kufikia wiki ya pili hakuna anayeinua kichwa. Nilimwomba anirudie mara tatu. Mimi nilisimama mbele ya darasa miaka thelathini na minne na sikuwahi kuwa na ujasiri wa sentensi hizo tatu.

Jana nilimpigia simu mjomba wako kule Ngoliba. Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza.

"Mwalimu," akasema, "unajua mzee alikufa akitafuta?"

"Akitafuta nini?"

"Huyo mtu. Alikuwa akituita tukae, anataja watu wa zamani mmoja mmoja. Babu, baba ya babu, wale waliokufa njaa. Anauliza, huyu alikuwa na shingo? Huyu je? Hata akiwa kitandani. Hakumpata."

Nikavua kofia, peke yangu chumbani.

"Sasa nitaenda kumwambia awache kutafuta," akasema. Akakata simu bila kuniaga, na hiyo ni haki yake.

Mwili wangu hauna tena nguvu za kujizuia. Shingo inaruka itakavyo, sauti inatoka itakavyo. Muuguzi aliyekuja wiki jana alidhani ninashikwa na kifafa, nikamwambia, "Hapana mama, huyu ni baba yangu." Akaniona nimeanza kuchanganyikiwa. Watoto wa Wanjiru walishangaa siku mbili, ya tatu wakaendelea kutazama katuni. Siku mbili tu, Gitau. Ndicho kitu nilichokiogopa maisha yangu yote.

Sina urithi wa maana wa kumwachia mwanao isipokuwa hiki ninachokijua kutoka ndani, ambacho wewe pia unakijua, lakini ukisikie kutoka kwa baba. Inaanza kama muwasho ulio mahali ambapo ukucha haufiki. Ukiizuia haiondoki, inangoja. Ikiachwa ipite, inapita. Mtoto anayeambiwa acha husikia kwamba anaambiwa ajiache mwenyewe. Huenda mwanao asiwe nayo. Daktari alisema si lazima. Akiwa nayo, utakuwa umempa, kama ulivyompa pua na miguu, na hakuna anayesema mtu ameambukizwa pua. Kwa hiyo mshike. Mbebe. Lala naye kifuani. Hukuniambukiza mimi, hukumwambukiza Wanjiru, na hutamwambukiza yeye.

Desturi inasema ataitwa kwa jina langu. Usimpe kwa heshima nisiyostahili, wala usimnyime kwa woga; nimekuonyesha woga unafanya nini na majina. Amueni wewe na mkeo.

Sikuombi unisamehe kabla sijafa. Ni mzigo mbaya kumpa mtu haraka ya namna hiyo. Ninaomba jambo moja tu. Mtoto akizaliwa, wanawake watakuja kumwona, watambeba kwa zamu, watampindua huku na huku, na mmoja wao atauliza lile swali wanalouliza siku zote: amefanana na nani? Mimi nilipoulizwa nilinyamaza. Wewe usinyamaze. Waambie huyu ni wa kwa Kariuki wa Murang'a. Shingo zao hazitulii, na akili zao pia hazitulii. Kisha wape chai.

Ubaki salama, mwanangu. Msalimie mkeo, mwambie apumzike.

Ni mimi baba yako, mtoto wa Kariuki.